Kutu, karatasi na mihuri: mwongozo kamili wa kukusanya bunduki za upepo na magobori ukiwa Mombasa

Barazani petu Kibokoni, baada ya alasiri, muuza kahawa akishapita na dele lake, mazungumzo huanza kwa mpira na huishia kwenye bunduki. Tuko wanne: fundi saa, seremala, mstaafu mmoja wa bandarini, na mimi. Sharti letu ni moja: kitu hakiletwi, huletwa picha. Mtu akifika na kitu kirefu kilichofungwa kwenye leso, tunamwambia arudi nacho alikokitoa kabla hajaketi.

Mwezi uliopita kijana mmoja alitusogezea simu. Kwenye kioo kulikuwa na gobori refu, limetundikwa ukutani kwa misumari miwili, kitako kimeliwa na mchwa upande mmoja.

"La babu hili, liko Takaungu kwa nyanya. Ati ni la zama za Mreno. Naweza kupata ngapi?"

Fundi saa akaivuta ile picha kwa vidole viwili, akaitazama kama anavyotazama saa iliyosimama. "Zama za Mreno, eh? Kwanza nenda kapige picha ya ubavu wa mtutu, karibu na hapo penye jiwe. Pesa tutazungumza baadaye."

Mambo tuliyomwambia yule kijana kwa vipande vipande, jioni tatu au nne, nimeyapanga hapa kwa mpango ambao mimi mwenyewe ningependa kuambiwa nilipoanza. Sikuambiwa, na hasara yake utaiona huko mbele.

Kwanza, jua unapenda nini hasa

Watu husema "bunduki za kale" kana kwamba ni kitu kimoja. Ni mapenzi matatu tofauti, na kila moja lina fundi wake, gharama yake na maradhi yake.

Kuna bunduki za upepo. Hizi hazitumii baruti. Nyingi utakazokutana nazo ni za springi: unaukunja mtutu, springi inajibana, ukifyatua pistoni inaruka mbele na kuusukuma upepo nyuma ya risasi. Majina yanayojirudia pwani hii ni BSA ya Birmingham, Webley, Diana ya Rastatt na Weihrauch, hizo mbili za mwisho zikiwa za Ujerumani. Usizidharau kwa kuwa hazina moshi. Jeshi la Austria lilibeba bunduki ya upepo ya Girardoni kuanzia miaka ya 1780, iliyopiga risasi kama 20 bila kujaza upya, wakati askari wengine walikuwa wakishindilia moja moja kwa mdeki, yaani kile kijiti cha kushindilia.

Kuna magobori, yaani zile za kushindilia kwa mdomo. Ndani yake mna za gumegume, ambazo jiwe hugonga chuma na kutoa cheche, na za fataki, ambazo nyundo hugonga kikofia kidogo cha shaba.

Halafu kuna raifo za kujazwa nyuma: Snider ya 1866, Martini-Henry ya 1871, Mauser ya 1871 ambayo askari wengi wa Mjerumani walikuwa nayo vita vya 1914 vilipoanza, moshi wake ukiwafichua kila walipofyatua, na Lee-Enfield ambayo watu wengi wameiona kwenye picha za askari wa Kingereza. Kwa mtu anayeanza, hili kundi la tatu mimi humwambia aliangalie kwa macho tu. Karatasi zake ni nzito, na mwenye kuuza kwa njia halali ni adimu.

Kabla ya kuchagua, tembea. Ngome ya Yesu iko pale pale, ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na ni shule ya bure kabisa ya chuma na chumvi ukishalipa kiingilio. Tazama vitu vilivyotolewa kwenye merikebu ya Santo António de Tanná, iliyozama chini ya ngome hiyo 1697 wakati Waomani wameizingira. Kisha simama mbele ya mzinga wa Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoishia kwenye delta ya Rufiji Julai 1915. Mzinga ule umekaa uwanjani juani na mvuani. Angalia ni wapi kutu inaanzia. Huanzia kwenye maungio na kwenye vishimo ambako maji hutuama. Bunduki yako nayo itaanzia huko huko.

Karatasi kabla ya pesa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoponzeka.

Sheria ya kushika ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na ofisi ya kushika ni Bodi ya Leseni za Silaha. Huruhusiwi kununua wala kukaa na bunduki bila cheti. Bunduki ya upepo usiihesabu kuwa mwanasesere kwa sababu uliona mtoto wa Ulaya akiichezea kwenye video. Ina mtutu, na risasi yake inaingia mwilini. Anza na cheti, kisha uitafute bunduki. Ukifanya kinyume, yaani uipate kwanza halafu "utengeneze karatasi pole pole", umeshavunja sheria tangu siku uliyoibeba.

Kuagiza kwa mtandao ni mtego mwingine. Mstaafu wetu wa bandarini huwa hacheki kwenye jambo hili: "Nimeona vifurushi vimeandikwa vifaa vya michezo. Mashine ya eksirei haisomi maandishi, mwanangu, inasoma umbo." Kuingiza silaha nchini kunahitaji kibali cha kuingiza, na sehemu zake pia usiziagize kabla ya kuuliza.

Urithi nao una utata wake. Mzee akifariki akaacha bunduki yenye cheti, cheti kile kilikuwa chake yeye, hakirithiwi kama kitanda au shamba. Usiihamishe. Usiipakie kwenye matatu kutoka Malindi kuja mjini ukisema ni ya baba. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu na ilipo, mkononi ukiwa na cheti cha kifo na karatasi zozote za marehemu, ueleze, na wao ndio waseme itabebwa na nani. Mimi Diana yangu, ya modeli ya 27, niliipata kwa ami yangu kwa njia hiyo, na ilikaa mikononi mwa serikali muda mrefu kabla haijafika kwangu. Niliona wananionea. Leo naona ilikuwa sawa, kwa sababu hakuna anayeweza kugonga mlango wangu usiku akanipata sina la kujibu.

Gobori lina sheria ya pili juu yake. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale kile kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Mwaka huo haukuokotwa: ndio mwaka Mwingereza alipotangaza himaya yake hapa, na ndio mwaka Mbaruk bin Rashid Mazrui alipoanza kupigana naye pwani hii. Kitu cha kabla ya mwaka huo hakiuzwi kienyeji tu, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Yule mtalii anayekwambia "nitalivunja vipande viwili liingie kwenye sanduku" anakutafutia jela. Na usidhani kuwa uzee unaliondolea gobori swali la silaha. Madamu linaweza kufyatuka, uliza Bodi pia.

Kuna na pembe. Magobori ya fahari hutiwa vipande vyeupe kwenye kitako. Kama ni pembe ya ndovu, achana nalo, hata bei iwe ya kutupa. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mzaha. Kutofautisha, tafuta sehemu iliyokatwa mkingamo na uiangalie kwa lenzi: pembe ya ndovu ina mistari inayokatana kama wavu, mfupa wa ng'ombe una vidoadoa na vijishimo vidogo. Pembe za baruti vilevile: ya ng'ombe haina neno, ya nyati ina neno.

Na huku unasubiri karatasi? Kusanya visivyofyatuka. Makopo ya risasi za upepo yenye michoro ya zamani, vichupa vya mafuta, katalogi za viwanda, kadi za shabaha, picha za askari. Fundi saa ana makopo zaidi ya thelathini na bunduki hana hata moja, na kwenye baraza letu ndiye tunayemwogopa kwa elimu. Maganda ya risasi usiyaguse, hata matupu. Utajieleza sana kwa kitu cha thamani ya senti.

Kuisoma bunduki kwa picha

Picha moja ya bunduki nzima haisemi kitu. Tunataka tano: nzima upande wa kulia, nzima upande wa kushoto, mtambo kwa karibu, mwisho wa mtutu unapoingia kwenye mti, na mdomo wa mtutu ukitazamwa kwa pembeni. Piga asubuhi mapema au jioni, jua likija kwa ubavu. Mwanga wa ubavu huinua herufi zilizofutika. Mwanga wa simu huziua. Ukiona kama kuna herufi lakini husomi, paka unga laini wa chaki kwa kidole, upulize. Usikwaruze.

Kisha tafuta mihuri, yaani alama zilizopigwa kwenye chuma.

Duara refu kama yai lenye herufi ELG ndani ni muhuri wa Liège, Ubelgiji, ambako magobori mengi ya biashara ya Afrika yalitengenezwa. Tazama juu ya yai: kama kuna taji, mtutu ulipimwa 1893 au baadaye, maana taji liliongezwa mwaka huo. Bila taji, ni wa kabla.

Neno TOWER na taji kwenye bamba la mtambo ni la Kingereza, au mtu alitaka udhani hivyo, kwa kuwa viwanda vya biashara vililipiga sana neno hilo kwa ajili ya wanunuzi walioliamini. Linganisha na mihuri ya mtutu. Bamba likisema TOWER na mtutu ukisema ELG, umeshapata jibu.

Kwenye Martini-Henry tazama VR na taji, alama ya Malkia Victoria. Victoria alifariki 1901. Ukiona VR na mwaka 1910 chini yake, hiyo ilichongwa na fundi wa mpakani mwa Afghanistan, na mara nyingine hata herufi N ya neno Enfield utaikuta imepinduka. Seremala anazipenda hizo kuliko za kweli. Anasema mkono wa mtu unaonekana.

Za upepo ni rahisi zaidi. Herufi F ndani ya umbo la pembe tano ni alama ya Ujerumani kwa bunduki za upepo za nguvu ndogo, na ilianza 1970. Ikiwepo, bunduki si ya kabla ya hapo. Diana nyingi zina tarakimu ndogo za mwezi na mwaka nyuma ya silinda, ubavuni, karibu na kitako. Kipenyo huandikwa kwa milimita au kwa inchi: 4.5 ni sawa na .177, 5.5 ni sawa na .22. BSA Meteor usiambiwe ni ya kabla ya vita; ilitoka 1959.

Jambo moja linalowapoteza wengi: gumegume haimaanishi ya kale kuliko fataki. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana uingizaji wa silaha za kisasa Afrika, lakini ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu. Basi viwanda vikaendelea kuzitengeneza kwa soko letu wakati Ulaya wenyewe walishazisahau. Gobori la jiwe unaloliona Takaungu au Gasi linaweza kuwa changa kuliko raifo ya kujazwa nyuma.

Ina risasi, hata ukiambiwa haina

Gobori linaweza kukaa miaka mia likiwa limeshindiliwa. Mwenyewe aliliweka tayari kwa ajili ya chui au mwizi, akafa, watoto wakalitundika. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haisahau kazi yake.

Kwa hiyo, hata kama una ruhusa zote, usichungulie mdomo wa mtutu na usivute nyundo "kuona kama inafanya kazi". Elekeza mtutu pasipo na mtu. Chukua kijiti cha mti kilichonyooka, si chuma, ukiingize taratibu mpaka kifike mwisho, uweke alama kwa kidole kwenye mdomo. Kitoe, ukilaze nje kando ya mtutu, ile alama ikiwa sawa na mdomo. Ncha ya kijiti ikifika karibu na tundu la moto huko nyuma, mtutu mtupu. Ikikomea vidole vitatu au vinne kabla, kuna kitu ndani. Inaweza kuwa kiota cha nyigu, inaweza kuwa baruti na risasi. Acha hapo hapo. Usimwage maji, usichokoe, usipashe moto mtutu ili kulegeza kitu chochote. Toa watu chumbani, wapigie polisi.

Fundi wa mtaani asifungue mtambo wa silaha, hata awe hodari vipi. Kazi hiyo ni ya mwenye leseni. Nasema hivyo nikiwa nimewahi kumpelekea fundi mmoja kabati langu la bunduki, kabati tu, akanirudishia na bawaba zimewekwa kwa nje.

Kutu

Sasa tumefika kwenye adui mwenyewe.

Chuma huanza kushika kutu kwa kasi unyevu wa hewa ukipita asilimia 60. Mombasa mchana wa kawaida hupita hapo bila kujitahidi, na masika ikifika hata chumvi ya mezani hugeuka uji. Ongeza mvuke wa bahari unaobeba chumvi, ongeza jasho la kiganja. Alama ya kidole kwenye mtutu uliopakwa rangi ya buluu ya kiwandani inaweza kugeuka kutu yenye umbo la kidole chako ndani ya siku chache. Nimeiona, ilikuwa ya kidole gumba, ilikuwa yangu.

Kosa langu kubwa lakini lilikuwa la dawa, si la ugonjwa. Diana ya ami ilipokuja ilikuwa na ukoko mwekundu nyuma ya silinda. Nikachukua msasa, ule wa seremala, nikasugua mpaka chuma kikang'aa kama kijiko kipya. Nikampigia picha fundi saa kwa furaha. Akanijibu kwa sauti, na nimeihifadhi hadi leo: "Shehe, umefuta tarehe ya kuzaliwa." Zile tarakimu za mwezi na mwaka zilikuwa chini ya ule ukoko. Kutu ilizifunika tu. Mimi ndiye niliyezila.

Basi njia ni hii. Panguza vumbi kwa kitambaa cha marekani kikavu. Paka mafuta ya cherehani, kidogo lakini yafunike, uache usiku mzima. Kesho yake futa. Utaona kitambaa kimetoka na rangi ya chai. Rudia. Kutu nyingi changa huishia hapo bila kusuguliwa. Iliyobaki, ile iliyovimba, iparuze kwa kitu kilicho laini kuliko chuma. Mimi natumia senti kumi ya zamani ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati, ambayo ni ya shaba nyekundu. Ishike kwa ulalo, kama unavyoshika kisu unapotoa magamba ya samaki, mafuta yakiwa juu, usikandamize. Kutu inabanduka kwa vipande vidogo na rangi ya buluu inabaki. Mahali senti isipofika, tumia sufi ya chuma ile laini kabisa, namba 0000, ikiwa imeloa mafuta, na uache kabisa kuisogeza karibu na muhuri. Ukifika kwenye muhuri, mafuta na mswaki wa meno basi.

Kutu nyeusi iliyotulia, isiyotoa unga, iache. Hiyo si ugonjwa tena, ni ngozi.

Yafuatayo ni mambo ya kwetu, hutayakuta kwenye maelezo ya kiwanda. Mafuta ya nazi usitie kwenye chuma wala kwenye mti. Bibi zetu waliyatumia kwa kila kitu na nawaheshimu, lakini mafuta ya mmea ya kupikia huoza, hunata, huvuta vumbi na siafu. Ukwaju na ndimu ni dawa ya masinia. Ukiisugulia shaba ya gobori kwa ukwaju itang'aa jioni ile ile, na ile rangi ya asali iliyochukua miaka mia haitarudi ukiwa hai. Mafuta ya taa yanalegeza skrubu iliyoganda, sawa, lakini yafute yote kisha upake mafuta mengine, maana yakikauka yanaacha chuma uchi.

Mti unataka mafuta ya kitani. Seremala huweka tone moja kwenye kiganja na kulisugua mpaka kiganja kipate joto, kisha siku mbili za kungoja, kisha tone jingine. Mwenye haraka anamimina na kupata kitako kinachonata kama halua. Na vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivifinyange ukavitupa kwenye ndoo: hupata joto vyenyewe na huweza kuwaka moto. Vitandaze nje mpaka vikauke, au vizamishe majini. Kwa mchwa, kama kitako kimeliwa, kitenge na mbao nyingine zote za nyumba kwanza. Kujaza mashimo ni kazi ya mwisho.

Mwisho wa kazi, nta. Nta ya nyuki iliyolainishwa, safu nyembamba kwenye chuma na kwenye mti, ung'arishe kwa kitambaa kikavu. Vidole havipiti kwenye nta, na katika mji huu hilo ni nusu ya ushindi.

Mahali pa kulala

Kabati la chuma lenye kufuli, limefungwa ukutani kwa bolti, funguo kwa mwenye cheti peke yake. Liweke ukuta wa ndani ya nyumba. Ukuta unaotazama bahari hupumua chumvi, na ukuta wa bafuni nao ni bahari ndogo.

Ndani weka kipima unyevu, viduara vya bei nafuu vinatosha, na vifuko vya silika vya kuvuta unyevu. Mchele ni hadithi. Unavuta unyevu kidogo sana na unaleta fukusi. Kipimo kikikaa karibu na 50 lala usingizi. Kikipita 60, vifuko vimeshiba, vikaushe kwa moto mdogo uvirudishe. Wakati wa masika mimi hukagua kila Jumapili, kaskazi kila wiki mbili.

Mkoba wa ngozi ni wa kubebea tu. Ngozi hushika maji na ina dawa za kiwandani zinazokula chuma. Kuna raifo nzuri zilizooza ndani ya mikoba ya bei ghali. Leso na gunia vivyo hivyo. Na ukiisimamisha bunduki, mdomo wa mtutu uwe chini, juu ya kipande cha zulia, ili mafuta yasitiririke yakaingia kwenye kitako. Mti uliolewa mafuta hulainika na kupasuka pale pale unaposhika mtambo.

Bunduki ya upepo ina uchungu wake

Anayetoka kwenye magobori huidhania ya upepo kuwa nyepesi. Sikiliza.

Usiifyatue bila risasi ndani. Ile risasi ndiyo inayozuia upepo utoke mara moja na kuilegezea pistoni pigo. Bila hiyo pistoni inagonga chuma kwa chuma, na mara chache tu zinatosha kuvunja kitu. Usiiache imekunjwa usiku kucha, springi huchoka. Unapoukunja mtutu kutia risasi, ushike kwa mkono wakati wote. Ukiponyoka, hurudi kwa nguvu za kukata ncha ya kidole.

Mafuta ndani ya silinda ndiyo balaa kubwa. Upepo ukibanwa ghafla hupata joto, na yale mafuta huwaka kama kwenye injini ya dizeli: mlio mkali, moshi, harufu ya kuungua. Vijana hufurahi wakidhani imepata nguvu. Inajipasua. Kama ina washa ya ngozi, yaani kile kizibo cha kuzuia upepo usivuje, tone moja la mafuta maalumu ya silinda mara moja kwa muda mrefu, uisimamishe usiku kucha kabla ya kuitumia. Kama washa ni ya plastiki, mara nyingi haihitaji kitu. Mafuta ya kupuliza ya kopo yabaki nje.

Kujua kama inavuja, weka uzi wa pamba pale mtutu unapokutana na silinda, uifyatue kwenye uwanja ulioidhinishwa ikiwa na risasi. Uzi ukiruka, washa ya maungio imekwisha, na hiyo ni bei ya kahawa chache. Nguvu ikiwa imepungua na uzi hauruki, tatizo liko ndani, na ndani kuna springi iliyobanwa hata kama bunduki haijakunjwa. Ukifungua pini bila kifaa cha kuishikilia, itakutoka usoni. Mpe mwenye leseni.

Risasi tumia za madini laini ya risasi (lead) zenye kiuno kama nyigu, za kipenyo kilichoandikwa. Zile duara za chuma hurudi nyuma zikigonga kitu kigumu. Macho hayana spea. Osha mikono kabla ya kula, sumu ya madini hayo haionekani. Na kunguru wa Mombasa najua wanaudhi, nami wameniibia samaki uani, lakini kufyatua bunduki mjini kwa ajili ya kunguru ni ujinga wa kisheria na wa kijirani. Risasi iliyomkosa huenda mamia ya mita kabla ya kutua, na mji huu hauna mamia ya mita yasiyo na mtu.

Daftari

Kila kitu kiwe na ukurasa wake: kilipatikana lini, kwa nani, kwa karatasi gani, mihuri yake ikiwa imechorwa kwa mkono, si picha tu. Kuchora kunakulazimisha kuona. Andika na hadithi ya mwenyewe, hata ukiwa huiamini, lakini iandike kwa wino tofauti na yale uliyoyathibitisha. Kwangu hadithi ni ya buluu, ushahidi mweusi. Ukurasa wa Diana una mstari mmoja wa buluu: "Ami alisema aliinunua mwaka aliooa." Mahali pa tarehe ya kiwanda nimeandika kwa mweusi: imefutwa na mimi.

Yule kijana alirudi wiki iliyopita. Alikuwa amekwenda Takaungu, gobori hakuligusa, alipiga picha tano, moja ya muhuri kwa jua la asubuhi na unga wa chaki. Tukainama wote wanne juu ya simu. Yai. ELG. Juu ya yai, taji dogo kama meno ya panya.

"Mreno wako huyo," seremala akamwambia, "alikuwa Mbelgiji."

Taji maana yake 1893 au baadaye. Mstari wa sheria ni kabla ya 1895. Kwa hiyo lile gobori ama lilishuka pwani hii ndani ya miaka miwili ile na ni turathi ya nchi, ama lilishuka baada yake na ni bunduki nzee tu isiyo na cheti. Mstaafu anashikilia kuwa lilikuja kwa ajili ya vita vya Mbaruk. Fundi saa anasema mtutu peke yake hautoshi, kitako kinaweza kuwa cha gobori jingine. Kijana ameshaandika barua mbili, moja ya polisi wa huko na moja ya makavazi, na anamngoja nyanya yake akumbuke kama lile gobori lilikuja na baba yake au na babu yake.

Bei hajauliza tena.